Mfalme Aliyeketi Kwanza

Somo: Luka 14:28–32

Katika somo hili Bwana wetu anamtaja mfalme anayeketi kwanza na kufanya shauri kabla ya kwenda vitani. Leo na tumtazame Franklin Roosevelt, Rais wa Marekani, Mwanglikana kama sisi na mzee wa kanisa katika parishi yake.

Vita vilipoanza Ulaya Septemba 1939, Roosevelt hakuingia. Watu wake walikuwa bado wanawalilia vijana waliokufa katika vita vya kwanza. Oktoba 1940, akiomba kura, aliwaahidi wazazi kwamba wana wao hawatapelekwa katika vita vya kigeni.

Lakini hakukaa bure. Mwaka huo aliwapa Waingereza manowari 50 za zamani, na Machi 1941 Bunge likapitisha sheria ya kuwaazima silaha. Jumapili tarehe 10 Agosti 1941 alisali pamoja na Churchill ndani ya manowari ya Kiingereza, pwani ya Newfoundland. Siku mbili baadaye wabunge wakakubali kuongeza muda wa utumishi wa askari, kwa kura 203 dhidi ya 202. Kura moja tu! Angewezaje kuongoza vitani taifa lililogawanyika hivyo?

Tarehe 31 Oktoba Wajerumani waliizamisha manowari ya Reuben James, wakafa mabaharia 100 au zaidi. Bado hakuomba vita. Ndipo tarehe 7 Desemba Wajapani wakaishambulia Pearl Harbor na kuua Wamarekani wapatao 2,400. Kesho yake Bunge likatangaza vita. Mjumbe mmoja tu ndiye aliyekataa.

Je, alitenda vema? Tusijibu upesi. Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika miezi ile 27 wengi wasio na hatia waliuawa Ulaya, nao hawakuwa na nafasi ya kungoja.

Sisi twajifunza hivi: kungoja kwaweza kuwa busara, tena kwaweza kuwa woga. Tofauti huonekana katika yale tuyatendayo wakati tunapongoja.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Je, ni haki kuahidi jambo ambalo kulitimiza si juu yetu peke yetu?
2. Jirani akionewa, twangoja mpaka tuguswe sisi?