SOMO: ZAWADI ZA SARAFU ZA KIDIJITALI NA UFUNGUO WA KASHA



Katika ukaguzi wa msimu uliopita nilikuta, katika chama kimoja cha msingi, upungufu wa shilingi 180,000 katika daftari la fedha taslimu. Katibu, kijana ambaye hesabu zake zilikuwa safi kwa miaka minne, alikiri kwamba alizichukua pasipo idhini ya Kamati ili kulipa "ada ya kukomboa zawadi" aliyotangaziwa kwa simu. Zawadi haikuja, na aliyeitangaza hakupatikana tena. Kwa kuwa vijana wengi katika vyama vyetu wanalifuatilia jambo hili, yafaa tulielewe kabla ya kulisifu au kulilaani.

Mgao huu ni nini?

Watu wanaoanzisha mfumo mpya wa sarafu za kidijitali huhitaji watumiaji. Ili kuwavuta au kuwashukuru, huwagawia sarafu pasipo malipo. Mgao huo huitwa eadropu. Mnamo Septemba 2020, Uniswap, ambalo ni soko la kubadilishana sarafu hizo, liligawa sarafu 400 kwa kila anwani iliyokuwa imelitumia kabla ya tarehe 1 ya mwezi huo. Siku za mwanzo mgao huo ulikuwa na thamani inayozidi dola 1,000 za Marekani. Basi si uongo kwamba wako waliopata. Lakini wengi waliowinda baada yao hawakupata kitu, na sarafu nyingi za namna hii hushuka thamani upesi baada ya kugawiwa.

Wezi hupita mlango gani?

Mwenye sarafu huziweka katika pochi ya kidijitali, na ufunguo wake ni maneno ya siri, kwa kawaida 12 au 24. Mwenye kuyajua maneno hayo ndiye mwenye mali. Hakuna meneja wa benki wa kumlilia, wala hakuna wa kuurudisha muamala uliokwisha kupita.

Mlango wa pili ni sahihi. Mtu anapobonyeza "kubali" katika pochi yake, ametia sahihi. Sahihi nyingine hupokea zawadi, lakini nyingine humpa mgeni ruhusa ya kuchota kila kilichomo. Ni sawasawa na Mweka Hazina kutia sahihi hundi ambayo haijaandikwa kiasi. Julai 2022 wezi walituma sarafu bandia kwa anwani zaidi ya 70,000, wakijifanya wanatoa zawadi ya Uniswap. Waliofuata maelekezo na kutia sahihi walipoteza sarafu zenye thamani ya mamilioni ya dola. Mfumo wenyewe haukuvunjwa. Wenye mali ndio waliofungua mlango.

Kanuni za kufuata

1. Maneno ya siri yaandikwe katika karatasi na kuhifadhiwa mahali salama. Yasipigwe picha, wala asipewe mtu yeyote. Mgao wa kweli hauyahitaji kamwe.

2. Fungueni pochi ya pekee kwa ajili ya kupokea migao, isiyo na akiba ndani yake. Mwizi akiingia, akute kasha tupu.

3. Msimlipe mtu ili awape zawadi. Katika kupokea mgao wa kweli huweza kuwapo ada ndogo ya mtandao, lakini hiyo hukatwa ndani ya pochi na kwenda kwa waendeshaji wa mtandao, si kwa namba ya simu ya mtu.

4. Tangazo lihakikishwe katika ukurasa rasmi wa mradi wenyewe, mkiiandika anwani yake kwa mkono. Msifuate kiungo mlichotumiwa. Sarafu msiyoijua ikiingia katika pochi, iacheni ilivyo.

5. Msijiandikishe kwa pochi nyingi ili kupata mafungu mengi. Huko ni kuingiza wanachama hewa katika rejista. Mwaka 2024 mradi wa LayerZero uliwasaka wenye pochi za namna hiyo, na ukawapa waliojitaja wenyewe nafasi ya kubaki na asilimia 15 tu ya fungu lao.

6. Fedha, simu na kompyuta za chama zisiguswe kwa shughuli hii. Anayetaka kujaribu atumie vyake, na kiasi ambacho kikipotea watoto hawatalala njaa.

Na sheria je?

Mwaka 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kwamba sarafu hizi hazitambuliwi kisheria nchini. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo ya kuhamisha mali za kidijitali. Mtu asidhani kwamba kitu kinachotozwa kodi kimedhaminiwa na Serikali. Kodi si dhamana.

Katibu yule alirejesha fedha kwa kukatwa posho yake miezi sita, na Kamati ikamwondolea ufunguo wa kasha. Wahenga walisema: Tamaa mbele, mauti nyuma.

Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Nani katika chama chenu anashika ufunguo wa kasha, na nani anamkagua?
2. Ni tofauti gani iliyopo kati ya ada ya mtandao na "ada ya kukomboa zawadi"?
3. Mwanachama akiwaletea tangazo la sarafu za bure, mtamwuliza maswali gani kabla hajatia sahihi?