Ufa Chini ya Shingo ya Baiskeli

Kaka Mshauri, nina baiskeli ya gia niliyouziwa na kijana wa kujitolea kutoka Marekani alipokuwa anarudi kwao. Ni ya zamani, ilikuwa ya baba yake, na alinihakikishia kwamba fremu ina dhamana ya maisha. Nimekubaliana na mwalimu mmoja wa Kiwira ainunue kwa laki tatu, na ameshatanguliza laki moja. Juzi nikiiosha nimeona ufa mwembamba chini ya shingo, pale usukani unapoingilia. Fundi anasema tuweke puti na kupiga rangi, mwalimu hatajua. Mjomba anasema niandikie kampuni wanipe fremu mpya. Usingizi umeniisha. Nifanyeje?
Mwenye baiskeli, Ibighi

Mdogo wangu, kwanza hakikisha kama ni ufa kweli au ni rangi tu imepasuka. Kwangua rangi kidogo, paka mafuta ya taa, futa mpaka pakauke, kisha pakaza unga wa chaki nyeupe. Mafuta yakichora mstari juu ya chaki, chuma kimepasuka.

Tukichukulia kimepasuka, tuanze na mjomba. Dhamana ya maisha ya fremu si hadithi. Kampuni kama Trek na Cannondale zimeitoa kwa miaka mingi. Ila hiyo ya maisha ni ya mnunuzi wa kwanza, aliyenunua dukani na mwenye risiti. Kijana aliyekuuzia hakuwa na dai, sembuse wewe. Mwenye nalo, kama lipo, ni baba yake, na hata yeye atabanwa na masharti: ajali, uchakavu na matumizi ya hovyo kwa kawaida havimo. Unaweza kumwandikia kijana amwombe mzee wake ajaribu. Lakini kiwanda hakitunzi fremu za enzi hizo. Mzee akikubaliwa huenda akapewa ya kisasa, ya magurudumu ya inchi 29 na breki za diski, yenye nafasi ya ekseli ya nyuma ya milimita 148, wakati yako huenda ni 135. Magurudumu yako hayataingia wala breki zako hazitakuwa na pa kufungwa. Bado nauli ya mzigo mpaka Tukuyu, bado ushuru.

Sasa fundi wako. Huyu ananitia hofu kuliko ufa wenyewe. Shingo ndiyo sehemu mbaya kuliko zote kupasuka, kwa sababu kila ukigonga shimo, foki inasukumwa nyuma na kiungio kile cha chini ndicho kinachopokea. Kikiachia, hakuna usukani tena. Na wewe unajua tunakoishi: kutoka Tukuyu hadi Ziwa Nyasa ni takriban meta 1,000 za kushuka. Mwalimu akiamua Jumamosi moja kushuka Kyela, puti itamfikisha wapi?

Sheria nayo imeliona jambo hili. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, muuzaji aliyekaa kimya tu si lazima ahesabiwe mlaghai, na wengi hujificha hapo. Kuficha kasoro kwa vitendo ni jambo lingine: huo ni ulaghai, na mnunuzi anaweza kuuvunja mkataba. Leo hujafanya kosa lolote. Siku puti itakapokauka, utakuwa umefanya.

Kuchomelea je? Chukua sumaku. Ikinata, fremu ni ya chuma, na fundi wa gesi aliyezoea mabomba membamba anaweza kuiunga kwa shaba. Asiiguse kwa weldingi ya umeme ya kuungia mageti. Bomba hilo lina unene usiofika milimita moja mahali pengi, litatoboka. Sumaku isiponata, hiyo yaelekea ni alumini: inataka gesi ya agoni, na sehemu iliyopata moto hulegea mpaka irudishiwe ugumu kwenye tanuri. Achana nayo.

Kuhusu thamani, usidanganyike na neno “ya zamani”. Baiskeli hizi za milimani zilianzia vilima vya California miaka ya 1970, na ya aina iitwayo Stumpjumper, iliyotoka mwaka 1981, moja imewekwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Za mwanzo hizo zina watu wa kuzitafuta. Yako tuikague. Kama gia ni za Shimano, geuza ile ya nyuma utafute herufi mbili. Ya kwanza ni mwaka, A ikiwa 1976. Ya pili ni mwezi, A ikiwa Januari. QE ni Mei 1992, na kufikia hapo zilikuwa zimeshamwagika duniani. Hata hivyo herufi zinataja umri wa gia tu, maana huenda ilibadilishwa.

Kwa hiyo, kama fremu haiungiki na si ya zile za mwanzo, uza vipuri: rimu, gia, breki, mikono ya pedali, siti. Usitegemee bei kubwa. Tukuyu mtu anataka baiskeli yenye keria ya kubebea ndizi na madumu ya maziwa, na mwenye baiskeli ya Phoenix hana shida na gia zako.

Ila kabla hujashika spana, mpigie mwalimu, mweleze, umrudishie laki yake. Kama umeshaila, sema hivyo na mpangane tarehe. Akitaka kuichukua kwa ajili ya vipuri, andikianeni kwamba fremu ina ufa na haipandwi, shahidi aweke sahihi. Ikibaki kwako, usiipeleke fremu kwa wa chuma chakavu ikiwa nzima. Ikate shingo kwa msumeno kwanza, la sivyo wiki ijayo utaiona imepigwa rangi, ina mtoto wa mtu juu yake.