Kabla ya Kumwita Fundi: Jinsi ya Kutuliza Kompyuta ya Nyumbani

Si kila kompyuta inayosumbua imeharibika. Arifa zinazochomoza kila mara, milio isiyokoma na vitufe vinavyoandika alama zisizokusudiwa mara nyingi hutokana na mipangilio tu, na mtu anaweza kuirekebisha mwenyewe bila malipo. Jambo hili lina uzito sasa ambapo huduma nyingi za serikali, kuanzia vibali vya biashara hadi marejesho ya ushuru, hutafutwa mtandaoni. Nenosiri likikataliwa usiku wa Juni 30, siku ya mwisho ya kuwasilisha marejesho kwenye iTax, faini haimngojei fundi.

Maelezo haya yanahusu kompyuta zinazotumia Windows 10 na Windows 11. Kuingia kwenye mipangilio, shikilia kitufe chenye nembo ya Windows kisha ubonyeze herufi I. Dirisha la “Settings” litafunguka.

Kibodi inayoandika alama nyingine

Baadhi ya kompyuta zinazouzwa nchini zilitumika kwanza Uingereza. Kibodi ya Uingereza na ya Marekani hutofautiana katika alama chache. Kwenye ya Marekani, Shift na 2 huandika @. Kwenye ya Uingereza, Shift na 2 huandika alama ya kunukuu, na @ iko upande wa kulia, karibu na Enter. Vitufe vikiwa vya Uingereza ilhali Windows imepangwa kwa Marekani, mtu hubonyeza alama moja ikatokea nyingine.

Katika anwani ya barua pepe, kosa hilo huonekana. Katika nenosiri halionekani kwa sababu herufi hufichwa kwa nukta, na mwenye akaunti hudhani amesahau nenosiri lake au akaunti imeingiliwa na wezi.

Ili kuhakikisha, fungua Notepad na uandike alama hizo. Zisipolingana na zilizochapwa kwenye vitufe, nenda “Time & language”, kisha “Language” au “Language & region”. Fungua “Options” za lugha inayotumika, na chini ya “Keyboards” uongeze kibodi inayofaa. Ondoa ile isiyohitajika; ikibaki, kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile cha nafasi kwa bahati mbaya kunaweza kuirudisha.

Kubonyeza Shift mara tano mfululizo nako hutoa mlio na swali kuhusu “Sticky Keys”. Kushikilia Shift ya kulia kwa sekunde nane huleta “Filter Keys”, ambayo huifanya kibodi ipuuze vitufe vinavyoguswa haraka au kurudiwa. Hizi si hitilafu. Ziliwekwa kuwasaidia watu wasioweza kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja, au ambao mikono yao hutetemeka. Asiyezihitaji afungue “Accessibility”, au “Ease of Access” kwenye Windows 10, achague “Keyboard” na kuzima njia hizo za mkato. Pale ambapo familia nzima hutumia kompyuta moja, ni vyema kila mtu awe na akaunti yake, ili anayezihitaji asizimiwe.

Milio ya Windows

Shikilia kitufe cha Windows, bonyeza R, andika mmsys.cpl na ubonyeze Enter. Chagua “Sounds”, na kwenye “Sound Scheme” uchague “No Sounds”, kisha “OK”. Hatua hii huzima milio ya Windows yenyewe. Video na mikutano ya mtandaoni itaendelea kusikika.

Arifa za kawaida

Kwenye “Settings”, fungua “System” kisha “Notifications”. Hapo kuna orodha ya programu, kila moja na swichi yake. Zima zile zisizo na maana kwako. Usizime “Windows Security” wala taarifa za betri: hizo ndizo zinazomwamsha mtu kabla ya hasara.

Arifa za ulaghai

Kuna arifa zinazotisha zaidi: “Kompyuta yako ina virusi”, “Ulinzi wako umeisha leo”. Nyingi hazitoki kwenye Windows. Hutoka kwenye tovuti ambayo mtu aliwahi kuitembelea, ikamwambia abonyeze “Allow” ili atazame filamu au athibitishe kwamba yeye si roboti. Alipobonyeza, aliipa tovuti hiyo ruhusa ya kumtumia arifa hata akiwa ameshaifunga. Anayefuata arifa hizo huombwa kulipa, kupiga simu au kuweka programu inayomfungulia mwizi mlango.

Zitambue kwa jina la kivinjari na anwani ya tovuti, ambavyo kwa kawaida huonekana ndani ya arifa yenyewe. Usiibofye. Ukiwa na wasiwasi, fungua “Windows Security” kutoka menyu ya Start na upekue kompyuta kwa “Quick scan”.

Kisha futa ruhusa. Kwenye Chrome, bofya nukta tatu zilizo juu kulia, “Settings”, “Privacy and security”, “Site settings”, halafu “Notifications”. Kila tovuti usiyoitambua chini ya orodha ya zilizoruhusiwa, iondoe au uizuie. Katika ukurasa huohuo unaweza kuzizuia tovuti zote zisiombe ruhusa hiyo tena.

Aliyekwisha kutoa namba ya kadi au PIN ya pesa za simu awasiliane mara moja na benki au kampuni yake ya simu kupitia namba rasmi, si ile iliyo kwenye arifa, kisha aripoti katika kituo cha polisi. Na kama aliweka programu aliyoelekezwa, aiondoe kompyuta kwenye intaneti kwanza. Hapo sasa ndipo fundi anapohitajika.