Mwili Una Haki Yake: Chakula, Mwendo na Uzima wa Akili

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu wasomaji, darsa yetu ya leo twaianza kwa kukiri kosa letu wenyewe. Alitujia kijana mmoja hapa Vanga, mvuvi, aliyepotewa na furaha. Hali wala halali, baharini haendi, akiitwa huitika kwa shida. Jamaa zake walisema ana jini, na wengine wakasema imani yake ni dhaifu. Sisi tulimsomea Qur'ani wiki baada ya wiki, na kusoma ni kheri wala hatukujutii. Tunalojutia ni kwamba hata siku moja hatukumwuliza: Wala nini? Walala saa ngapi? Mwili wako waushughulisha na nini? Tulipokuja kuuliza, tulikuta mchana wake ni muguka na chai ya sukari nyingi, na usiku wake ni kukesha.

Basi kuna swali ambalo twaulizwa mara kwa mara: Je, chakula na mazoezi ya viungo vyahusu nini uzima wa akili? Hayo si ya tumbo na misuli tu?

Jawabu: La, sivyo. Dini yetu haikuukata mtu vipande viwili. Katika Bukhari imepokewa kuwa Salman alimkuta nduguye Abu Dardaa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, akamzuia, akamwambia kuwa nafsi yake na watu wake pia wana haki juu yake. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alimsadikisha Salman. Ikiwa hata ibada haikuruhusiwa kuila haki ya mwili, itakuwaje kwa upuzi na uvivu?

Kadhalika Bibi Aisha (R.A.) alikuwa, wakifiwa, akiamrisha kupikwa talbina, nao ni uji wa unga wa shayiri, kwa kuwa alimsikia Mtume akisema kuwa humtuliza mgonjwa moyo na kumpunguzia huzuni. Tazameni: huzuni ni ya moyoni, na dawa moja iliyotajwa imetoka jikoni. Na huyo Bibi Aisha ndiye aliyeshindana mbio na Mtume, akamshinda mara moja, na mara ya pili akashindwa.

Wanazuoni waliifahamu maana hii zamani. Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, alitunga kitabu kizima juu ya maslaha ya miili na nafsi. Aliwalaumu matabibu wa zama zake kwa kuandika mengi juu ya mwili na kuyaacha maradhi ya nafsi, akabainisha kuwa viwili hivyo vimeshikamana: kikiugua kimoja, cha pili huumia.

Ama wataalamu wa leo, wao wamepima. Huko Marekani mwaka 1999 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu 156 wenye sonona, yaani huzuni iliyopindukia. Wengine walipewa dawa, wengine mazoezi, wengine vyote viwili. Baada ya wiki 16 makundi yote matatu yalikuwa yamepata nafuu iliyokaribiana. Na huko Australia mwaka 2017 yalitangazwa matokeo ya watu 67 wenye maradhi hayo hayo. Waliofundishwa kula mboga, matunda, kunde, nafaka zisizokobolewa na samaki kwa wiki 12 walipona 32 katika kila mia, na waliopewa mtu wa kuzungumza nao tu walipona 8 katika kila mia. Watu 67 ni wachache, wala hatusemi kuwa jambo limekwisha. Lakini njia yaonekana.

Na sababu si fumbo. Ubongo nao ni kiungo, nao hulishwa kwa damu. Mtu akikosa vitamini zipatikanazo katika samaki na mboga za majani, huenda akachoka, akasahau, na moyo ukamwinamia. Mwendo nao hukaza mzunguko wa damu, huleta usingizi na hupunguza wasiwasi. Muguka hufanya kinyume: huondoa njaa, hufukuza usingizi, na ukiisha nguvu humwacha mtu mnyonge kuliko alivyokuwa.

Sasa, enyi watu wa Vanga, sisi tumepungukiwa na nini? Bahari i mlangoni. Dagaa na vibua wana mafuta yenye manufaa. Mchicha, kisamvu, kunde na mtama si vitu vya kuagiza ng'ambo. Nasi twawauza samaki, kisha pesa zile twanunulia soda na viazi vya kukaanga! Hata katika Ramadhani, mwezi wa kupunguza, twafuturu kwa vya kukaanga na vya sukari mpaka pumzi zatushinda, ilhali Mtume ametufundisha theluthi ya tumbo kwa chakula, theluthi kwa maji, na theluthi kwa pumzi.

Shirika la Afya Duniani lamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki. Mtu ambaye msikiti u mbali naye dakika 5, akienda na kurudi kwa miguu kwa sala zote tano, ametembea dakika 50 kwa siku. Lakini wako wanaopanda bodaboda! Kwenda kwenye sala tumeamrishwa utulivu. Kurudi, hapana aliyetukataza kukaza mwendo.

Na wanawake je? Haki ni ile ile. Mume amfungiaye mkewe ndani mwaka mzima, kisha akamwuliza mbona amenuna, na ajiulize mwenyewe kwanza. Watoke wenzi wawili, au akina mama pamoja, watembee njia ya Jimbo baada ya Alasiri kwa heshima zao.

Lakini tahadharini. Hatusemi kuwa dagaa na matembezi vyatosha kwa kila ugonjwa. Mwenye kusikia sauti zisizokuwapo, au mwenye kutamka kuwa afadhali afe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, wala asiachwe peke yake. Mwenye kutumia dawa asiziache ila kwa amri ya daktari. Na mumwepuke mganga apungaye majini kwa ngoma na mbuzi, kwani huchukua mali na kuuacha ugonjwa palepale.

Yule kijana tulimpeleka kwa daktari. Alipewa dawa, akaacha muguka, na nduguye akawa akimwamsha Alfajiri watembee ufuoni. Haikuwa siku moja wala mwezi mmoja. Leo anakwenda baharini, na Qur'ani tungali twaisoma pamoja naye.

Basi mkimwona mwenzenu ameinama, msianze kuipima imani yake. Mwulizeni kwanza amekula nini, kisha simameni mtembee naye.

Wabillahit tawfiq.