Mazungumzo ya mkimbizi na mwalimu: somo juu ya akili, mwili na mapendo



Tunapozungumza juu ya amani, mara nyingi tunataja mashamba, mgawanyo wa msaada na kazi za kamati. Leo tunageukia jambo ambalo halionekani kwa macho, lakini linavunja au kujenga jamaa nyingi: namna mtu mmoja anavyoweza kuujua moyo wa mwenzake na kubeba naye mzigo.

Lengo la somo: mwishoni mwa somo hili, msomaji aweze kueleza kwa nini ushauri peke yake haumtoshi mtu aliyeumizwa na vita, na aweze kuongoza mazungumzo ambamo anayeumia anasikilizwa kama mtu mzima, mwenye akili, mwili na watu wake.

1. Jambo linalotukuta kila siku

Tuseme mama mmoja amekimbia kijiji chake. Amefika kambini na watoto, amepewa turubai, sufuria na unga. Baada ya majuma machache anaumwa kichwa kila siku, hapati usingizi, chakula hakipiti. Kwenye kituo cha afya wanampima, hawaoni malaria. Viongozi wawili wanakwenda kumwona. Wa kwanza anasema: "Mama, kaza roho, usiwaze sana." Wa pili anasema: "Si wewe peke yako uliyepoteza. Wote tumepoteza." Kisha wanaondoka. Mama anabaki kimya, na kesho yake hatoki tena nje.

Viongozi hao hawakusema uongo, wala hawakuwa na nia mbaya. Lakini walisema na akili yake kana kwamba mwili wake uko mahali pengine. Tena walisema kana kwamba wao wenyewe wako mbali, ng'ambo ya mto. Wahenga walisema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Je, maana yake ni kwamba hatuwezi kamwe kujua maumivu ya mwingine? Ili tujibu, tutazame mazungumzo ya kweli yaliyofanyika huko Ulaya, karibu miaka 400 iliyopita, kati ya mkimbizi na mwanafalsafa.

2. Mkimbizi huyo alikuwa nani?

Jina lake ni Elisabeth. Alizaliwa mwaka 1618 mjini Heidelberg, Ujerumani. Mwaka huohuo vilianza vita vilivyodumu miaka 30, hadi 1648. Baba yake alikubali ufalme wa Bohemia mwaka 1619, na mwaka uliofuata alishindwa katika mapigano karibu na mji wa Prague. Kwa sababu utawala wake ulikuwa mfupi hivyo, watu walimwita kwa dharau Mfalme wa Majira ya Baridi. Jamaa ilipoteza ufalme na pia nchi yake ya asili, ikakimbilia The Hague, Uholanzi. Elisabeth alilelewa kwanza na bibi yake, baadaye akawafuata wazazi wake uhamishoni. Baba alikufa mwaka 1632, akaacha mjane na watoto wengi, wakiishi kwa msaada na madeni.

Tusidanganyane: binti huyu hakuchota maji kwa foleni, wala hakulala chini ya turubai. Maisha yake si maisha yetu. Lakini alijua kupoteza nchi, kungoja habari za vita, na kuishi ugenini kwa huruma ya wengine.

Mwalimu wake alikuwa René Descartes, Mfaransa aliyeishi Uholanzi kwa miaka kama 20. Alikuwa na jina kubwa kwa sababu ya vitabu vyake. Alifundisha kwamba mtu ana sehemu mbili: akili, ambayo kazi yake ni kufikiri na haina urefu wala uzito, na mwili, ambao ni kitu kinachochukua nafasi, kama jiwe au mti.

3. Swali la kwanza: akili inagusaje mwili?

Mwezi wa tano 1643, Elisabeth akiwa na miaka 24, alimwandikia Descartes barua. Swali lake lilikuwa hivi, kwa maneno yetu: kama akili haina uzito wala umbo, inawezaje kuusukuma mwili? Kitu husukumwa na kitu kinachokigusa. Je, wazo lisiloshikika linainuaje mkono?

Descartes alijibu kwa heshima, akatoa mfano wa uzito unaovuta jiwe chini. Elisabeth hakuridhika. Mwezi uliofuata aliandika tena kwamba mfano ule haukumsaidia, na kwamba kwake ni rahisi zaidi kukubali kuwa roho ina kitu cha mwili ndani yake kuliko kukubali kwamba kitu kisicho na mwili kinaweza kuusukuma mwili. Angalieni vizuri: kijana asiye na nchi anamwambia mwalimu mashuhuri kwamba jibu lake halijatosha. Na mwalimu hakukasirika.

Katika jibu lake la pili Descartes alikiri jambo kubwa. Alisema kwamba muungano wa akili na mwili hatuujui kwa kufikiri peke yetu chumbani. Tunaujua kwa maisha ya kila siku na kwa mazungumzo ya kawaida na watu. Hilo ni la kushangaza, kwa sababu yeye alijulikana kama mtu wa kujifungia na mawazo yake. Mtu anayetetemeka akisikia mlio wa bunduki hahitaji kitabu kumweleza kwamba moyo na mwili ni kitu kimoja. Na anayekaa naye, akamwona akitetemeka, anaanza kujua.

4. Swali la pili: je, kukaza roho kunatosha?

Mwaka 1645 Elisabeth aliugua homa ndogo isiyokwisha, pamoja na kikohozi kikavu. Descartes alimwandikia kwamba homa ya namna hiyo mara nyingi huletwa na huzuni, akataja mabaya yaliyoipata jamaa yake. Alimshauri aondoe mawazo yake kwenye mambo ya kuhuzunisha, atazame majani mabichi ya msitu, rangi za maua, ndege anavyoruka. Tena alimweleza habari zake mwenyewe: kwamba alikuwa mtoto mgonjwa, waganga walidhani atakufa mapema, na kwamba desturi ya kutazama mambo upande wao mwema ilimsaidia kupona.

Ushauri huo ulikuwa mzuri. Elisabeth alishukuru, akasema barua zake ni dawa ya huzuni yake. Lakini alimwambia ukweli pia. Matatizo hayakuwa ndani ya kichwa chake tu. Yalikuja kila siku kwa barua na kwa mazungumzo, na hakuweza kuyakimbia bila kukosa wajibu wake kwa watu wake. Habari mbaya ilipofika, mwili ulikuwa umekwisha kushtuka kabla akili haijapata nafasi ya kutoa shauri. Baadaye mwaka huohuo aliongeza kwamba kuna magonjwa yanayoondoa kabisa nguvu za kufikiri. Basi asihukumiwe mtu kwamba hana furaha kwa sababu hakutaka.

Hapa ndipo kiini cha somo letu. Tunapomwambia mwenzetu "usiwaze", tunamwekea kosa juu ya mzigo. Anaumia kwa kuumia, kisha anaumia tena kwa kuona aibu kwamba ameshindwa kukaza roho. Elisabeth hakukataa nguvu ya akili. Alikataa kuachwa peke yake na akili yake.

Naye Descartes alifanya nini? Elisabeth alimwomba aeleze vizuri hisia za moyo: huzuni, hofu, hasira, mapendo. Kutokana na mazungumzo hayo aliandika kitabu juu ya hisia za nafsi, kilichotolewa mwaka 1649. Basi mwanafunzi aliyeuliza alimfanya mwalimu ajifunze. Hii ndiyo alama ya mazungumzo ya kweli: wote wawili hutoka wakiwa wamebadilika.

5. Mapendo ni kujihesabu sehemu ya kitu kimoja

Katika kitabu hicho Descartes anaeleza mapendo kwa njia rahisi. Kupenda, anasema, ni kujiunga kwa hiari na yule unayempenda, hata ujione kwamba wewe ni sehemu moja na yeye ni sehemu nyingine ya kitu kimoja. Alikuwa amekwisha kumwandikia Elisabeth mwaka 1645 kwamba hakuna mtu anayeweza kuishi peke yake: kila mmoja ni sehemu ya jamaa, ya jamii, ya nchi na ya dunia nzima. Sisi wa huku hatushangai. Tunasema mtu ni watu, na kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini Elisabeth aliuliza swali ambalo kila kiongozi wa kambi analijua: nitapimaje? Nijitoe kwa wengine mpaka wapi, na mimi mwenyewe nibaki na nini? Descartes alijibu kwamba hakuna mizani kamili ya jambo hilo; inatosha mtu aridhishe dhamiri yake. Jibu hilo linaweza kuonekana dogo. Hata hivyo linamwondolea mzigo mama anayelea watoto wa marehemu dada yake pamoja na wake, na mjumbe wa kamati anayeamshwa usiku kila mara. Kujichunga kidogo si kukosa mapendo. Sehemu iliyochoka kabisa haiwezi kusaidia sehemu nyingine.

6. Mwisho wa habari yao

Mwaka 1646 Elisabeth aliondoka The Hague, na hawakuonana tena uso kwa uso. Barua ziliendelea. Vita vilipokwisha mwaka 1648, kaka yake alirudishiwa sehemu ya nchi ya baba yao. Lakini mwanzo wa 1649 mjomba wake, mfalme wa Uingereza, alikatwa kichwa, na mwezi wa pili 1650 Descartes alikufa huko Uswidi. Elisabeth hakutaka barua zake zitangazwe. Zilijulikana baadaye sana, zikachapishwa mwaka 1879.

Mwaka 1667 alikuwa mkuu wa nyumba ya watawa ya Kiprotestanti huko Herford, Ujerumani. Mwaka 1670 aliwapokea watu waliobanwa kwa sababu ya imani yao wakalazimika kuondoka Amsterdam, ingawa wenyeji wa mji walinung'unika. Aliyepokewa alipokea wengine. Alikufa mwaka 1680.

7. Tunajifunza nini?

Kwanza, ulizeni kabla ya kushauri. Badala ya "kaza roho", semeni: "Mama, usiku unapitaje?" au "Mwili unakuambia nini?" Kisha nyamazeni. Kimya cha dakika chache si kupoteza wakati.

Pili, kubalini kusahihishwa. Mtu akisema "hilo halinisaidii", hajawadharau. Amewaamini.

Tatu, musitenge shida ya moyo na shida ya maisha. Anayelia kwa sababu hana habari za mtoto wake anahitaji mtu wa kumsikiliza, na pia mtu wa kwenda naye kuandikisha jina la mtoto kwa wanaotafuta waliopotea.

Nne, musiseme "wote tumepoteza" kwa kufunga mazungumzo. Maneno hayo yawe ya kufungua: "Nami nilipoteza. Niambie yako, nitakuambia yangu."

Tano, mazungumzo yaendelee hata watu wakitawanyika. Kambi zilizokuwa kandokando ya Goma zilivunjwa mwezi wa pili 2025, na watu wengi walihama mara nyingine tena, mbali na majirani waliowazoea. Elisabeth na mwalimu wake walitenganishwa na safari na vita, lakini waliandikiana mpaka mwisho. Simu fupi au salamu iliyotumwa kwa msafiri inaweza kumkumbusha mtu kwamba bado anahesabiwa.

Sita, mtu akikosa usingizi kwa majuma mengi, akiacha kula au akisema anataka kufa, musimwache peke yake. Mpelekeni kwa muuguzi au mshauri aliye karibu. Kumsindikiza ni sehemu ya mapendo, wala hakuondoi kazi ya kumsikiliza.

8. Maswali ya kujadili

a) Ni maneno gani mliyoambiwa siku za kukimbia yaliyowasaidia? Yapi yaliwaumiza, hata kama msemaji alikuwa na nia njema?

b) Kwenu, mwanaume anayelia anatazamwaje? Je, mwili wake unasema nini pale mdomo unapokatazwa?

c) Je, tunaweza kujihesabu sehemu moja na mtu wa kabila ambalo tulikimbia mikono ya watu wake? Jambo gani lingehitajika kwanza: ukweli, fidia, muda, au kukutana?

d) Kiongozi anayesikiliza wote, yeye anasikilizwa na nani?

Tunawaomba musome somo hili wawili wawili au katika vikundi vidogo chini ya mti, wala si lazima mulimalize siku moja. Swali la tatu ni gumu. Anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze. Na kabla ya kuachana, kila mmoja amtaje mtu mmoja ambaye hajamwona kwa siku nyingi, kisha aende kumwona kabla ya juma kwisha. Mama yule wa mwanzo wa somo bado yuko ndani. Mlango wake uko karibu.