Safari ya Mkunazini

Asubuhi moja mwalimu wa Unguja aliwachukua wanafunzi wake kutembea mjini, wapate kuona kwa macho mambo waliyoyasoma kitabuni. Walianzia Forodhani, karibu na bahari. Walikuwa na kikapu cha mikate na maji, na kila mtoto alikichukua kwa zamu. Ilipofika zamu ya mvulana mmoja mkubwa, alimsukumia mwenziwe mdogo, akasema, "Chukua wewe, mtumwa wewe!" Wengine wakacheka. Mwalimu alisikia, lakini hakusema neno.

Walipita Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Omani zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Waliitazama Beit el Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka mwaka 2020. Kisha wakaingia katika vichochoro vyembamba, penye milango ya mbao iliyonakshiwa, wakapita Hamamni. Walikwenda polepole, wakisimama kila penye jambo la kutazama, hata jua likawa utosini. Ndipo walipofika Mkunazini, wakaona kanisa kubwa lenye mnara.

Mwalimu akawaketisha kivulini, akauliza, "Zamani mahali hapa palikuwa soko. Mwadhani paliuzwa nini?"

Mmoja akasema, "Samaki." Mwingine akasema, "Karafuu."

"La," akajibu mwalimu. "Paliuzwa watu."

Watoto wote wakanyamaza. Mwalimu akawaeleza jinsi watu walivyotekwa bara, wakaletwa pwani kwa miguu, kisha wakavushwa kwa majahazi, na walionusurika wakapangwa sokoni kama bidhaa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuifunga biashara hiyo. Lakini utumwa wenyewe haukukoma siku ile. Katika Unguja na Pemba sheria iliendelea kuutambua hata mwaka 1897.

Siku ya Krismasi ya mwaka 1873 jiwe la msingi la kanisa liliwekwa pale pale sokoni. Aliyesimamia ujenzi ni Askofu Edward Steere, ambaye pia aliandika kitabu cha sarufi ya Kiswahili. Dari lake ni la mviringo, limejengwa kwa mawe ya matumbawe na saruji, bila boriti. Watu wengi walisema litaanguka, lakini lilikamilika mwaka 1879, na limesimama hata leo.

Walipoingia ndani waliona nguzo kadhaa ambazo, kama isimuliwavyo, mafundi walizisimamisha kichwa chini, askofu asipokuwapo. Waliona msalaba uliochongwa kwa mti wa kijiji cha Chitambo, ambapo moyo wa David Livingstone ulizikwa chini yake mwaka 1873. Karibu na madhabahu wakaonyeshwa duara sakafuni, mahali ambapo husemwa palisimama mti wa kuwafungia na kuwachapa watumwa. Nyuma ya madhabahu ndipo alipozikwa Askofu Steere mwaka 1882.

Nje, ndani ya shimo, waliona sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, zilizowekwa mwaka 1998. Hapo yule mtoto mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, nyumbani twaambiwa kuwa mzee wetu mmoja aliuzwa hapa."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akasema, "Hakuzaliwa mtumwa, mwanangu. Alizaliwa mtu, mwenye mama na jina lake. Wenziwe ndio waliomwita mtumwa, wapate kumpangia bei. Kwa hiyo neno hilo si la mchezo."

Yule mvulana mkubwa aliinama, akaitazama minyororo kwa muda mrefu. Kisha akamwendea mwenziwe, akasema, "Nisamehe, ndugu yangu." Akakitwaa kikapu, akakichukua mpaka Forodhani, wala hakuuliza zamu ni ya nani.

Maswali
1. Mahali palipojengwa kanisa palikuwa nini kwanza?
2. Ni jambo gani lililotendeka mwaka 1873, na lipi mwaka 1897?
3. Kwa nini mwalimu alisema kuwa neno "mtumwa" si la mchezo?