SOMO LETU: STIMA, KAZI NA UCHUMI WA NCHI



Tukisikia "uchumi wa nchi", wengi wetu tunadhani ni mambo ya wakubwa tu. Hapana! Uchumi huo unaanzia hapa kwetu Eastlands: kwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Kariobangi, kinyozi wa Kayole, na mama mwenye mashine ya posho kule Dandora. Wote hawa wanategemea stima.

Stima inatoka wapi?

Kwenye mto Tana kuna mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Maji yanazungusha mitambo, halafu stima inasafiri kwa nyaya kubwa mpaka kwenye vituo kama vile vya Dandora na Juja Road. Kule Olkaria, mvuke wa ardhini ulianza kutoa stima mwaka 1981, na siku hizi ndio unaotoa sehemu kubwa kuliko yote. Lakini tukumbuke: stima si mahindi ya kujaza ghalani. Nyingi inatumika saa ile ile inapozalishwa.

Kipi kinatangulia?

Stima na uchumi ni kama miguu miwili. Kazi zikiongezeka, watu wananunua mashine na matumizi yanapanda. Mitambo isipoongezwa, stima haitoshi na kazi zinarudi nyuma.

Tuliyaona haya. Miaka ya 1999 na 2000 mvua ilikosekana, na wakati huo nchi ilitegemea sana maji ya Tana. Mwaka 2000 stima ikagawanywa kwa zamu. Mashine zikilala, kibarua hapati mshahara. Asiye na mshahara hanunui mandazi, wala haagizi dirisha la chuma. Basi hasara ya kiwandani inafika mpaka kwa muuza mandazi. Mwaka huo uchumi wa Kenya karibu usimame kabisa.

Lakini stima peke yake haileti utajiri. Bila ujuzi, soko na barabara, mita itazunguka na mfuko utabaki mtupu.

Tupige hesabu

Mashine ya kilowati 4 ikifanya kazi saa 3 mfululizo, inakula yuniti 12. Kama kwa saa hizo mmetengeneza madirisha 3, kila dirisha limekula yuniti 4. Zidisheni kwa bei ya yuniti moja, kisha ongezeni vyuma, kodi na mshahara wa fundi. Hapo ndipo mtajua bei ya kuuza.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni stima gani tunayotumia kupata pesa, na ni ipi inayotumika tu nyumbani?
2. Stima ikipotea siku nzima, tunapoteza shilingi ngapi? Je, kuna kazi ya mkono tunayoweza kuendelea nayo?
3. Tukikopa pesa za mashine, je, tutaweza kulipa hata mwezi ambao stima inakatika mara kwa mara?

Swali la tatu lijibiwe kabla hamjatia sahihi mkopo wowote.